Kompyuta ya Ofisi ya Mishahara Nayo Yataka Kutiwa Mafuta



Katika mikutano ya matawi yetu upande huu wa Nateete tumeulizwa swali moja mara nyingi: “Sisi tunashika koleo na kubeba magunia. Kompyuta iliyoko ofisini kwa karani inatuhusu nini?” Swali ni la haki, na tumeona tulijibu kwa urefu, maana jibu lake liko mfukoni mwa kila mmoja wetu.

Anayeshuka kutoka soko la Nateete kwenda Nalukolongo, iliko karakana ya reli, anapita maghala, mashine za kusaga, magereji na karakana za kila namna. Mbele kidogo ni Busega, barabara inapogawanyika, moja ikienda Masaka na nyingine Mityana kwenye mashamba ya chai. Malori hayakomi usiku na mchana. Zamani, katika kila mahali pa kazi palikuwa na daftari kubwa la mahudhurio, ambalo nyapara alitembea nalo kwapani. Asiyekubaliana na siku zake alisema, “Fungua tuone,” na daftari likafunguliwa mbele ya watu. Leo daftari hilo halipo mahali pengi. Mfanyakazi anabonyeza kidole kwenye kifaa kidogo mlangoni, na saa aliyoingia inakwenda kukaa ndani ya kompyuta. Mchumaji wa chai analeta kapu lake, mizani ya umeme inasoma kilo, na kilo hizo nazo zinakwenda huko huko. Saa za ziada, siku za ugonjwa, makato ya mkopo, ada ya chama na asilimia 5 inayokatwa kwa ajili ya mfuko wa akiba wa NSSF, pamoja na asilimia 10 anayopaswa kuongeza mwajiri, vyote viko ndani ya sanduku lile lililofunikwa kitambaa mezani kwa karani.

Sasa sanduku hilo likiugua, ni nani anayeugua? Karani mshahara wake labda atakumbukwa. Kibarua wa siku kumi na saba na nusu, je?

KOMPYUTA INAZEEKAJE

Kila fundi mitambo anajua kwamba mashine isiyotiwa mafuta hula meno yake yenyewe. Mkanda hubadilishwa kabla haujakatika, na bela ya mvuke hukaguliwa kabla haijapasuka. Hapa Nateete mambo hayo si mageni. Mskoti Alexander Mackay, aliyekuwa mhandisi kabla ya kuwa mmisionari na aliyefika Buganda mwaka 1878, alikuwa na karakana yake papa hapa, akifua chuma na kupiga chapa. (Na wanafunzi wake wa mwanzo walianza kusoma kwa Kiswahili kabla vitabu vya Kiluganda havijapatikana. Tunawakumbusha hayo wale wanaodai kwamba lugha hii ililetwa Kampala juzi na askari.)

Lakini kompyuta inawadanganya watu. Haivuji mafuta wala haipigi kelele. Ikiwaka asubuhi, mkubwa wa kazi huona kwamba ni nzima. Ukweli ni kwamba ndani yake kuna vitu viwili: chuma na maagizo. Maagizo hayo ndiyo yanayoitwa programu, na programu kubwa kuliko zote, ile inayoziongoza nyingine kama msimamizi wa zamu, huitwa mfumo endeshi. Katika ofisi nyingi tunazozijua mfumo huo ni Windows ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Maagizo haya yameandikwa na watu, mistari mamilioni kwa mamilioni, na kilichoandikwa na watu hakikosi kasoro. Nyingine ni kasoro za kuudhi tu. Nyingine ni sawa na mlango wa nyuma ambao fundi seremala alisahau kuutia komeo.

Watengenezaji wakiigundua kasoro huandika kiraka na kukituma kwa njia ya intaneti. Microsoft imekuwa na desturi, tangu mwaka 2003, ya kutoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kazi ya kuvipokea na kuvibandika ndiyo inayoitwa siku hizi kusasisha.

Hapa pana jambo ambalo waajiri wengi hawalielewi, na tunaomba lisomwe polepole. Siku kiraka kinapotolewa, mwizi naye anakisoma. Anatazama pale palipozibwa, na kwa hiyo anajua kwamba kompyuta zote ambazo bado hazijabandikwa zina tundu mahali pale pale. Kabla ya siku hiyo huenda tundu lilijulikana na wachache. Baada yake limetangazwa kwa dunia nzima. Basi anayesema, “Tutasasisha mwakani, kazi ni nyingi,” hakubaki pale alipokuwa jana. Amerudi nyuma.

IJUMAA YA MEI 2017

Mfano mkubwa wa jambo hili ulitokea Ijumaa tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo virusi vilivyopewa jina la WannaCry vilienea kutoka kompyuta hadi kompyuta, bila mtu kubonyeza chochote, vikafunga mafaili yote na kuonyesha tangazo la kudai dola 300 za kimarekani ili yafunguliwe. Kwa siku chache kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilikuwa zimeshikwa. Uingereza, hospitali za serikali zilirudisha wagonjwa nyumbani. Mkaguzi wa hesabu za serikali huko alihesabu baadaye miadi 6,912 iliyofutwa, na akasema idadi ya kweli ni kubwa zaidi. Ufaransa, kampuni ya magari ya Renault ilisimamisha kazi katika baadhi ya viwanda vyake. Wafanyakazi waliofika zamuni walikuta mitambo imenyamaza.

Na kiraka? Kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Sehemu kubwa kabisa ya kompyuta zilizoshikwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inahudumiwa na ilikuwa na kiraka chake tayari, bila gharama. Hawakuhitaji kununua kitu. Walihitaji mtu wa kukibandika na ruhusa ya kuizima mashine kwa muda mfupi. Hata mwaka uliofuata, Agosti 2018, kiwanda kikubwa cha TSMC kule Taiwan, kinachotengeneza viini vya kompyuta zenyewe, kilisimama kwa sababu ya virusi vya ukoo ule ule. Mashine mpya iliunganishwa bila kukaguliwa kwanza, na zilizokuwa humo zilikuwa hazijabandikwa.

Tulipoisimulia habari hii katika tawi moja, mzee mmoja wa idara ya vipuri alisema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya, sisi hapa nani atatuibia. Tunaheshimu umri wake, lakini virusi vile havikuchagua. Vilikuwa vikigonga kila mlango, na ambao haukuwa na komeo vikaingia.

Mwezi Desemba 2021 wenzetu wa Marekani waliona upande mwingine wa jambo hili. Wavamizi waliifunga mitambo ya kampuni iitwayo Kronos, ambayo ilikuwa ikihesabu saa za kazi na mishahara kwa niaba ya maelfu ya waajiri, zikiwemo hospitali na usafiri wa umma wa New York. Waliingiaje si hoja yetu leo. Tazameni yaliyofuata: kwa wiki kadhaa, katika msimu wa Krismasi, waajiri wengi walilipa kwa kukisia, wengine wakirudia malipo ya kipindi kilichopita. Aliyekuwa amekesha akifanya saa za ziada alilipwa kama aliyelala. Vyama vya wafanyakazi vikalazimika kupigania saa hizo.

TAREHE 14 OKTOBA 2025

Tunakuja sasa kwenye jambo linalozigusa ofisi za hapa kwetu moja kwa moja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa viraka vya kawaida vya Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka kama kawaida, na hapo ndipo ulipo mtego. Matundu yanayogunduliwa baada ya siku ile hayazibwi tena, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwa huduma ya nyongeza. Mwenye kompyuta ya nyumbani aliongezewa mwaka mmoja tu, hadi Oktoba 2026. Makampuni na mashirika yanaweza kununua hadi miaka mitatu, kwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka. Piga hesabu mwenyewe: 61, kisha 122, kisha 244. Jumla dola 427 kwa kompyuta moja ambayo pengine ilinunuliwa kuukuu kwa bei iliyo chini ya hapo.

Njia ya pili ni kuhamia Windows 11, lakini hiyo inadai chuma kipya. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi hukataliwa. Njia ya tatu ni kuweka mfumo wa Linux, ambao haulipiwi, unasasishwa bure, na hukubali kukaa kwenye kompyuta kuukuu. Una programu za kuandikia barua na kupigia hesabu. Ugumu wake ni kwamba programu fulani za mishahara na za uhasibu zimeandikwa kwa ajili ya Windows peke yake, kwa hiyo lazima ujaribu kwanza. Kwa kompyuta ya ofisi ya tawi, inayoandika barua, kutunza orodha ya wanachama na kumbukumbu za mikutano, sisi tunaona Linux inatosha kabisa, na hatuoni sababu ya kutumia ada za wanachama kununua chuma kipya.

KWA NINI HAZISASISHWI

Ni rahisi kumlaumu karani. Sisi hatumlaumu, kwa kuwa tunazijua sababu.

Ya kwanza ni bando. Sasisho kubwa moja linaweza kumaliza bando la mwezi la ofisi ndogo, na tangu Julai 2021 serikali inatoza ushuru wa asilimia 12 juu ya data, uliokuja kuchukua mahali pa ile shilingi 200 kwa siku iliyokuwa ikitozwa watumiaji wa mitandao ya kijamii tangu mwaka 2018. Karani anayetumia simu yake mwenyewe kuipa kompyuta ya kampuni intaneti hawezi kuiacha ikanywa bando lake usiku kucha. Basi anazima masasisho. Nani angefanya vingine?

Ya pili ni umeme. Sasisho likikatizwa katikati kompyuta inaweza isiwake tena, na aliyeona jambo hilo mara moja huliogopa maisha yake yote.

Ya tatu, inayozungumzwa kwa sauti ya chini, ni programu za magendo. Kompyuta nyingi ziliwekewa Windows iliyonakiliwa mtaani kwa bei ya chakula cha mchana. Fundi aliyeiweka mara nyingi husema, “Usisasishe, itajifunga,” na huzima kinga ya virusi ili nakala yake ipite. Mwajiri hufurahi kwamba ameokoa pesa. Ameokoa pesa zake na kuweka rehani mishahara yetu.

Ya nne ni kwamba kazi hiyo si ya mtu. Muulize mkubwa wa kazi ni nani anayetia mafuta kinu, atakutajia jina. Muulize ni nani anayesasisha kompyuta ya mishahara, atakuna kichwa. Katika kiwanda kimoja cha upande huu, ambacho hatukitaji, tuliambiwa kwamba “inajisasisha yenyewe”. Tulipoomba kutazama, ilikuwa haijapokea kiraka kwa zaidi ya mwaka.

Na mambo yakiharibika, lawama huanguka chini. Wenzetu waliokuwa wakiendesha ofisi za posta Uingereza wanalijua hilo kuliko wote. Kuanzia mwaka 1999 waliletewa programu ya hesabu iitwayo Horizon, na programu hiyo ilikuwa na kasoro. Ilionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Wakubwa waliiamini mashine, hawakuwaamini watu. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, wengine wakafungwa, wengine wakauza nyumba zao kulipa deni ambalo halikuwapo. Ilikuwa mpaka Desemba 2019 ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba programu ile ilikuwa na kasoro, na mwaka 2024 bunge lao likatunga sheria ya kufuta hukumu zile. Miaka ishirini! Kwa hiyo mchumaji anaposema mizani imempunja, au kibarua anaposema kidole chake hakikusomwa, asiambiwe ati kompyuta haikosei.

SASISHO NALO LINAWEZA KUUMIZA

Hatutaki kuwaficha upande wa pili. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta iitwayo CrowdStrike ilituma sasisho bovu, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zikaanguka kwa pamoja. Ndege hazikuruka, benki zikakwama. Na mwezi Juni 2017 virusi vya NotPetya viliingia katika makampuni vikiwa vimefichwa ndani ya sasisho la programu ya uhasibu ya kule Ukraine, vikafika mpaka kwenye meli na bandari za kampuni ya Maersk.

Je, hiyo ni sababu ya kuacha? Hapana. Mtu haachi kula kwa sababu samaki mmoja alikuwa mbovu. Ni sababu ya kufanya kazi hii kifundi. Ofisi yenye kompyuta tano isasishe moja kwanza, isubiri siku mbili tatu, kisha nyingine. Isifanye kazi hiyo mkesha wa siku ya mshahara, bali baada ya watu kulipwa. Kompyuta iwe na betri inayotosha kumaliza kazi umeme ukikatika. Kwa upande wa bando, Windows ina mpango wa kuruhusu kompyuta moja ikishapakua sasisho, nyingine za ofisi hiyo hiyo zichote kwake, kwa hiyo si lazima kila moja ilipiwe intaneti yake.

Lililo kubwa kuliko yote ni nakala ya akiba. Orodha ya mishahara na ya mahudhurio inakiliwe kila wiki kwenye diski ya nje, kisha diski hiyo ichomolewe na kufungiwa kabatini. Diski inayoachwa imechomekwa hufungwa na virusi pamoja na kompyuta yenyewe. Mara moja kwa miezi mitatu ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine, ionekane kama kweli inasomeka. Tumeona nakala nyingi nzuri ambazo siku ya kuhitajiwa zilikuwa tupu.

Na isisahauliwe kwamba mfumo endeshi si peke yake. Programu ya mishahara, programu ya kufungulia intaneti, kile kifaa cha vidole mlangoni na kile kisanduku kinacholeta intaneti ofisini, vyote vina viraka vyao. Vivyo hivyo simu zetu, ambamo wengi wetu tunapokea mishahara.

TUDAI NINI

Sheria iko upande wetu kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupewa, kila anapolipwa, hati inayoonyesha mshahara na kila kilichokatwa. Ipokeeni, isomeni, itunzeni. Karatasi haishikwi na virusi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka kila anayehifadhi habari za watu azilinde ipasavyo, na zikivamiwa aiarifu mamlaka mara moja. Habari za watu ndizo alama za vidole vyako, namba yako ya NSSF na jina la mrithi wako. Nayo sheria ya NSSF, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, inamhusu kila mwajiri hata mwenye mfanyakazi mmoja. Kwa hiyo mwanachama aombe taarifa ya akiba yake angalau mara mbili kwa mwaka na kuilinganisha na hati zake. Pengo likionekana mapema, kumbukumbu bado zipo.

Tunapendekeza kwamba mkataba wowote utakaojadiliwa na mwajiri uwe na kifungu kinachosema: kompyuta ya mishahara ina mtu aliyetajwa kwa cheo anayewajibika kuisasisha na kutunza nakala, amepewa saa, bando na mafunzo ya kazi hiyo, na kompyuta ikiharibika, mfanyakazi analipwa kwa tarehe ile ile kwa kufuata hati za karatasi, wala hakatwi saa ambazo mashine imezipoteza. Mwajiri atasema haya ni mambo ya ofisi. Mjibuni kwamba hata choo cha kiwanda kilikuwa jambo la ofisi mpaka tulipolitia kwenye mkataba.

Kabla ya mkutano ujao wa mwezi, kila mwakilishi wa wafanyakazi aulize mahali pake pa kazi na kuandika majibu manne kwenye karatasi: mfumo endeshi wa kompyuta ya mishahara ni upi, ulisasishwa mara ya mwisho tarehe ngapi, nani anawajibika nao, na nakala ya akiba iko wapi. Akinyimwa majibu, aandike hivyo hivyo kwamba amenyimwa, na tarehe. Karatasi zipelekwe kwa katibu wa tawi. Matawi ambayo ofisi zao bado zina Windows 10 nayo yaandike umri wa kompyuta na programu zinazotumika humo, ili ijulikane ipi inafaa kuwekewa Linux na ipi haina budi kubadilishwa.